Kimya kwenye simu si "ndiyo"

Mazungumzo yaliyotolewa Baraka mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, juu ya mikutano na masomo ya chuo kikuu kwa njia ya video. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Kamati ilinipa nusu saa niseme juu ya mikutano ya video, yaani Zoom, Google Meet, WhatsApp na zingine za namna hiyo. Najua wengine mlifikiri nitawafundisha kubonyeza wapi. Hiyo nitaifanya kesho na vijana, kila mtu na simu yake mkononi, maana kubonyeza hakufundishwi kwa hotuba. Leo niko na jambo lingine, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mnakumbuka zile mbegu za maharagwe na karanga zenye zilifika kwa kuchelewa. Wengi mlisema barabara ndiyo ilizichelewesha. Wengine mlisema mshirika wetu alitudanganya. Mimi nilinyamaza. Leo nasema: mbegu zilichelewa juu ya neno moja ambalo mimi niliandika kwenye simu.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba. Mshirika aliitisha mkutano kwa video. Yeye alikuwa mji mwingine, wakubwa wake walikuwa Ulaya, na sisi tulikuwa hapa kwenye chumba cha chama: mimi pamoja na mama 11 wa kamati ya kilimo, tumezunguka simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji. Mazungumzo yalikuwa Kifaransa. Mimi nilikuwa natafsiri kwa sauti ya chini. Wakafika kwenye makuta ya mbegu. Rezo ikakatika. Tulitoka, tukaingia, tukatoka tena. Tuliporudi mara ya tatu, mwenye kuongoza alikuwa anauliza kitu, sauti yake inakatika-katika. Nikaandika "OK". Maana yangu ilikuwa: sawa, tumerudi, tunawasikia.

Kumbe swali lilikuwa hili: je, Baraka mnakubali makuta ya mbegu yangoje mpaka ripoti ya kwanza ipokelewe? Wao walisoma "OK" yangu, wakaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: "Baraka wanakubali." Basi, mkutano ukaisha. Kumbukumbu zile zilikuja kwa barua pepe siku tano baadaye, kurasa saba za Kifaransa, na mimi nilikuwa safarini huko milimani. Nilizifungua baada ya wiki tatu.

Mbegu zilifika wakati maharagwe ya majirani yameshatoa maua. Mnajua kilichofuata. Kuna mama wenye walipanda hivyo hivyo, mvua ikawaacha njiani. Kuna wenye walizipika. Sasa mama mmoja wa kamati, yeye hapendi maneno mengi, aliniuliza hivi: "Mutoto wangu, ile siku tulikuwa watu kumi na mbili pale. Nani alisema ndiyo?" Nilimjibu: "Hakuna, mama." Akasema: "Sasa ile ndiyo ilitoka wapi?"

Hilo swali ndilo limenileta mbele yenu. Sikuja kuwaambia video ni mbaya. Nimekuja kusema kwamba chombo hiki kinahesabu watu kwa namna yake, na tusipokiwekea kanuni zetu, kitatuhesabu vibaya.

Tukumbuke kwanza vilitoka wapi. Zoom ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2013, na kwa miaka mingi ilikuwa chombo cha watu wa ofisi. Ukaja ugonjwa wa Covid. Hapa kwetu, tarehe 18 Machi 2020, Rais wa Jamhuri alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu, na masomo yakaanza kurudi Agosti. Dunia nzima ilikuwa imefungiwa nyumbani. Kampuni ya Zoom ilisema kwamba Desemba 2019 ilikuwa na washiriki kama milioni 10 kwa siku, na Aprili 2020 walipita milioni 300. Mwanzoni waliandika "watumiaji" milioni 300. Baadaye wakajisahihisha, wakasema ni "washiriki wa mikutano", kwa sababu mtu mmoja akiingia mikutano 5 kwa siku anahesabiwa mara 5.

Ndugu zangu, tazameni hesabu hiyo. Bwana mmoja wa ofisi, mikutano 5, anahesabiwa 5. Sisi hapa, mama 11 na mimi, simu moja, tulihesabiwa 1. Tena 1 mwenye aliandika "OK".

Jambo lile lile liko kwenye masomo. Mnajua chuo kikuu cha kwetu kinavyokwenda. Profesa mgeni anatoka mji mwingine, wanafunzi wanachanga tiketi na malazi, wanamngoja miezi. Akifika, kozi ya masaa 45 anaimwaga kwa siku sita, asubuhi mpaka jioni, ananunuliwa silabusi yake, anafanya mtihani, anarudi. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo Bukavu. Nilitoka kambi ya Nyarugusu na diploma ya Serikali ya Kongo, maana shule zetu kule zilifuata programu ya Kongo, nikafikiri chuo kikuu ni mahali mtu anauliza maswali. Nikakuta hakuna wakati wa kuuliza. Profesa alikuwa anatazama saa ya ndege yake.

Kwa hiyo mtu asiniambie masomo ya video ni anasa ya wazungu. Video inaweza kuleta yule profesa masaa mawili kwa siku, wiki kadhaa, bila tiketi, na mwanafunzi akapata usiku wa kusoma na kesho yake akauliza. Barabara ikikatika, masomo yanaendelea. Mama mwenye mtoto mchanga anasoma akiwa nyumbani. Hiyo ni faida kubwa kwa watu kama sisi, wenye miaka yetu ya masomo ilikatwa na vita na makambi.

Lakini sikilizeni kilichowapata wasichana watatu, watoto wa wanachama wetu. Shule yao nitaiacha bila jina. Walipewa kozi moja kwa video. Kati yao watatu kulikuwa na simu moja yenye nguvu. Wakachanga mega, wakaketi pamoja kwenye mkeka, wakafuata kozi yote, kila mmoja na daftari lake. Asistanti alichukua mahudhurio kwa kusoma majina kwenye kioo. Simu ilikuwa ya mmoja, basi jina lilikuwa moja. Wale wawili waliandikwa kwamba hawakuja, na hawakuruhusiwa kufanya mtihani wa sesyo ya kwanza. Waliandika barua, wakajibiwa wangoje sesyo ya pili. Mmoja alifaulu. Mwingine bado anadaiwa ile kozi mpaka leo, na si kwamba ni mjinga. Katika wale watatu, madaftari ya wenzake yanasahihishwa kwa daftari lake.

Mnaona ni kosa lile lile? Kwenye mbegu, watu 12 wakawa 1. Kwenye masomo, watu 3 wakawa 1. Chombo kinaona simu, hakioni mkeka.

Sasa niseme juu ya mega, maana hapo ndipo tunapoumia kila siku. Zoom wenyewe wanaandika kwamba kupokea picha nzuri katika mkutano wa watu wengi kunataka kilobiti 600 kwa sekunde, na sauti peke yake inataka kilobiti 60 mpaka 80. Nilichukua kalamu. Kilobiti 600 kwa sekunde inafanya mega 270 kwa saa moja. Sauti, hata tukihesabu 80, inafanya mega 36. Chukua kozi moja ya masaa 45. Kwa picha ni mega 12,150, yaani zaidi ya giga 12. Kwa sauti ni mega 1,620. Na hapo bado sijahesabu mega za kutuma sura yako wewe. Sasa jiulizeni: sura ya profesa, kichwa chake na ukuta nyuma yake, inafaa giga 10 za mtoto wa mkimbizi aliyerudi? Sauti yake ndiyo tunaihitaji, pamoja na karatasi zake.

Kwa hiyo naleta mapendekezo sita. Yamejaribiwa na vijana wa chumba cha masomo kwa miezi minne sasa, na kamati ya kilimo imeyafuata katika mikutano mitatu.

La kwanza, karatasi itangulie. Siku mbili kabla ya mkutano, mambo yatakayozungumzwa yatumwe kwa WhatsApp, ukurasa mmoja, na namba zote za makuta ziandikwe humo. Mtu mmoja atachapisha na kubandika mlangoni. Kwa masomo, silabusi ifike kabla ya sauti ya profesa. Rezo ikikatika, mtu bado ana kitu mkononi.

La pili, sauti kwanza. Tuwashe kamera dakika moja, tusalimiane, tuonane nyuso, maana sisi si mashini. Halafu kamera zizimwe. Kama kuna picha ya kuonyesha, itumwe kama faili. Na wafadhili wetu, nawaomba hapa: mkiona Baraka wamezima kamera, msifikiri tunajificha ama tumelala. Tunalinda mega, tena ni mega mlizotusaidia kununua.

La tatu, tuhesabu watu. Mkutano ukianza, kila mahali waseme majina yao kwa sauti: "Baraka, tuko kumi na wawili", na majina moja moja. Mwandishi wa mkutano ayaandike. Wanafunzi wanaotumia simu moja, mkuu wa darasa atume orodha yao na sahihi zao kwa asistanti siku ile ile, kozi isije ikaisha kwanza. Tumeshaandika barua ya mfano, iko kwa sekretari wa chama.

La nne, kimya si "ndiyo". Mwenye kuongoza asiulize "kuna mwenye kupinga?" kisha aendelee. Aite kila mahali kwa jina lake. Na jibu liwe sentensi nzima: "Sisi Baraka tunakubali mbegu zije mwezi wa nane." Ama: "Sisi Baraka hatukubali." Wenye hawakusikika waandikwe hivyo: hawakusikika. Neno "OK" katika mikutano yetu nimelipiga marufuku mimi wa kwanza.

La tano, uamuzi unaogusa makuta ama mashamba ungoje siku tatu. Katika hizo siku tatu utasomwa hapa kwa Kiswahili na Kibembe mbele ya wenye unawahusu, hata wale wasiokuwa na simu. Wakiukubali, unakuwa uamuzi. Wakikataa, tunaandika sababu. Mambo ya haraka, kama ugonjwa ama watu kukimbia vijiji, hayo hayangoji. Najua wafadhili wana tarehe zao. Lakini siku tatu za kungoja zingeokoa msimu mzima.

La sita, saa ziandikwe vizuri. Mnacheka, lakini tumepoteza mikutano miwili hivi. Mtu wa Kinshasa anaandika "9h". Hapo kwetu ni 10h, na Kigoma ni 11h. Wazee wetu wanasema saa nne asubuhi, kijana aliyesoma Kifaransa akiona "saa 4" anakuja jioni. Brussels wakati wa jua lao wako sawa na sisi, wakati wa baridi wako nyuma saa moja. Basi tuandike namna hii kila mara: "saa 4 asubuhi, yaani 10h00, saa ya Baraka." Na tukumbuke Zoom ya bure inakata mkutano baada ya dakika 40. Tupange mambo ya dakika 35, na la makuta liwe la kwanza, lisiwe la mwisho wakati kila mtu anatafuta mlango.

Niongeze neno moja juu ya usalama. Mwaka 2020, katika nchi nyingi, watu wasiojulikana waliingia mikutano na masomo ya wengine, wakaonyesha picha chafu, wakatukana. Iliwezekana kwa sababu anwani za mikutano zilikuwa zimetupwa hadharani. Sisi tuweke neno la siri, tuweke chumba cha kungojea, na anwani isipelekwe Facebook. Na zaidi ya hapo: mkutano usirekodiwe bila kila mtu kuulizwa na kuelewa. Kati yetu kuna watu wenye walikimbia watu wanaojulikana kwa majina. Kuna mama wenye walieleza mambo yao kwenye simu wakifikiri wanasema na mtu mmoja, na sauti yao ikabaki mahali hawapajui. Mtu akitaka ushahidi wa mateso ya mwingine kwa ajili ya ripoti yake, aje aombe, angoje, na akubali kukataliwa.

Sasa nafika kwenye jambo la kupigia kura leo. Kuna mfadhili amependa kutununulia kioo kikubwa cha ukutani kwa chumba cha masomo. Tunamshukuru kweli, hatumdharau. Lakini nimeongea na vijana, nimeongea na kamati ya kilimo, na wote walisema kitu kimoja: kioo kikubwa bila moto na bila mega ni kabati la vumbi. Tunaomba kwanza betri ya kuwekwa kwenye pano ya jua tuliyo nayo, na spika ndogo, ile tunaita bafle, ili watu kumi na wawili wasikie simu moja bila kulaza masikio juu yake. Tunaomba pia mstari wa mega katika bajeti ya kila mradi, uandikwe wazi kama tunavyoandika mafuta ya pikipiki, maana mkutano wa video nao ni safari. Kioo kitakuja baadaye, kama bado kitahitajika.

Tena, makuta ya mega yasitoke kwenye kisanduku chekundu cha MUSO yetu. Kile ni cha ugonjwa na msiba. Mwaka jana kuna mtu alipendekeza tukope humo "kidogo tu" kwa ajili ya mkutano mmoja, na wiki ile ile tulizika. Mama wa kisanduku alikataa kufungua, akafanya vizuri. Wanafunzi wako tayari kuchanga kidogo kila mwezi kwenye mfuko wao wenyewe, na daftari la mfuko litasomwa hapa kama madaftari mengine.

Wazee wangu, sisi ni watu waliorudi. Wengine walirudi kwa mashua kutoka Kigoma, wengine walikuja kwa miguu yao bila kungoja mtu. Nusu ya jamaa zetu bado iko Nyarugusu, wengine walipelekwa Marekani. Simu ndiyo inatukutanisha na hao, kwa harusi na kwa kilio. Sitaki mtu atoke hapa akisema yule kijana anakataa simu. Ninachotaka ni kwamba jina la Baraka likiandikwa mahali kwamba "wanakubali", wawepo watu wa Baraka wenye walikubali kweli.

Kwa mama 11 wa ile siku: niliwaomba msamaha mmoja mmoja nyumbani kwenu, na leo nauomba hapa mbele ya wote. Alhamisi hii tuna mkutano mwingine na mshirika, juu ya mbegu za msimu B. Ukurasa umeshabandikwa mlangoni, namba za makuta ziko juu kabisa. Safari hii mama mkubwa wa kamati ndiye atajibu kwa Kiswahili, na mimi nitatafsiri tu. Mshirika ameshakubali kungoja siku tatu.

 Maswali sasa, na wenye wako nyuma waanze, kwa sababu sijui kama walinisikia.